Nusu Yangu, Nusu Yako

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza kuandika. Ni ushauri wa binti yangu. Anasema tangu mama yake afariki nimekuwa nikiongea na miavuli, na wateja wameanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Nimemwambia miavuli ina adabu, haikatizi mtu maneno. Akacheka, akaniletea kalamu.

Basi na iandikwe kwamba mimi ni fundi wa miavuli na viatu. Karakana iko mbele, nyumba iko nyuma, mlango mmoja tu katikati. Tunaishi watatu: mimi, binti yangu anayenisaidia cherehani, na mume wake, fundi bomba. Wanaingia mwaka wa pili wa ndoa na wanatamani mtoto. Hawajaniambia, lakini nyumba ni ndogo na masikio yangu bado mazima. Mimi sisemi kitu. Marehemu angesema, na angesema vizuri. Mimi nikifungua mdomo hutoka misumari.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Miavuli imeletwa ikiwa maiti. Mingine nimeifufua.

Ijumaa, 14 Machi

Mkwe wangu amerudi kazini amelowa chapachapa, mkononi ana chungwa moja. Hata viatu hakuvua, alilikata katikati akampa mkewe nusu. "Nusu yangu, nusu yako," akamwambia, nikaacha gundi ikaukie kwenye brashi.

Hayo ni maneno yetu, mimi na marehemu mke wangu. Tulipooana tulikuwa na kikombe kimoja, cheupe, kina mkono mnene. Chai tulikunywa kwa zamu. Mimi nusu ya kwanza, ikiwa bado ya moto kwa sababu natoka mapema, yeye nusu ya pili. Baadaye tulinunua vikombe vingine, vikawa vya wageni. Sisi tukabaki na chetu. Mkate nusu kwa nusu, blanketi nusu kwa nusu, mwavuli nusu kwa nusu hata bega langu la kushoto likawa halikauki masika nzima. Hata mafua tuligawana.

Alikuwa na tabia moja. Akifika mwisho wa chai anainamisha uso ndani ya kikombe na kutabasamu. Nikimuuliza anacheka nini ananijibu, "Wewe umeshakunywa yako. Ya huku chini hayakuhusu." Nilikuwa namwonea huruma, maskini, miaka yote kunywa chai iliyopoa.

Ameondoka mwaka wa nne sasa, na mimi bado nafika nusu ya kikombe mkono unakirudisha mezani wenyewe. Binti yangu huchukua, humwaga, huosha, wala hasemi kitu. Namshukuru kwa hilo.

Jumatatu, 24 Machi

Leo ameingia muuguzi wa kliniki ya mtaani na mwavuli uliogeuzwa na upepo. Mwanamke wa makamo, viatu vya mpira, sauti ya mtu aliyezoea kuita majina barazani. Wakati nanyoosha vijiti alikuwa akiangalia benchi langu. Lilikuwa limejaa watu wanaongoja miavuli yao, na Kinyozi wa mlango wa pili, ambaye mvua ikinyesha hana kichwa cha kunyoa, huja kwangu kupiga soga.

"Mzee," muuguzi akasema, "siku moja uniruhusu nije niongee na hawa watu. Kuhusu magonjwa ya zinaa. Mvua imewafunga hapa, hawana pa kukimbilia."

Nikamwambia, "Dada yangu, hapa tunashona miavuli. Mambo ya chini ya nguo yana mahali pake."

"Mahali pake ni wapi?" akauliza. "Kliniki hawaji."

Kinyozi alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilimkazia muuguzi mwavuli wake vizuri kabisa ili asirudi karibuni.

Ijumaa, 28 Machi

Nimeamka na mgongo mbaya lakini jambo moja limeniponya. Wakati wa chai binti yangu alitoa pakiti ya dawa, akachomoa kidonge kimoja akampa mumewe, akachomoa kingine akameza yeye. "Nusu yangu, nusu yako." Sauti ilikuwa ya mama yake kabisa, hadi ile namna ya kuvuta neno la mwisho. Nadhani wote wawili wameshikwa na mafua, kwa mvua hii nani atapona.

Nilijifanya natafuta miwani. Kisha nikawaambia, "Hivyo ndivyo." Wakatazamana, wakainamisha macho. Vijana wa siku hizi wanaona haya hata kusifiwa. Natamani marehemu angewaona.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua bila kupumua. Kinyozi anasema nywele za watu zimeacha kuota.

Jumatano, 9 Aprili

Binti yangu ameshika tumbo mara kadhaa leo akiwa kwenye cherehani. Nimemuuliza, akasema amekaa vibaya. Nimembadilishia kiti.

Jumapili, 13 Aprili

Nimemkuta amelala mchana. Huyu hajawahi kulala mchana tangu aache kunyonya. Mkwe alikuwa amekaa kando yake anamkanda mgongo. Nimerudi nyuma kimyakimya. Mama yake angeuliza swali moja tu, angejua.

Alhamisi, 17 Aprili

Sijui nianzie wapi, nitaandika kama ilivyokuwa.

Asubuhi alikuwa anashona kitambaa cha mwavuli wa mwalimu. Cherehani ikanyamaza. Nilipogeuka nilimkuta amejikunja, paji la uso liko juu ya meza, mikono yote miwili chini ya kitovu. Nikamgusa, alikuwa anachemka. Mkwe alikuwa ameshakwenda kazini. Nilifunga karakana, wateja wakabaki wamesimama barazani midomo wazi, nikamchukua mwanangu chini ya mwavuli tukaenda kliniki hatua kwa hatua. Njia nzima nilikuwa namwambia, "Bado kidogo, mama, bado kidogo," kama alipokuwa mdogo.

Aliyetupokea ni yule yule muuguzi. Mwavuli wake ulikuwa umening'inia ukutani, mzima. Hakunikumbusha lolote, namshukuru. Alimwingiza chumbani, mimi nikabaki kwenye benchi nikiwaza mabaya. Nilifikiri kidole tumbo. Nilifikiri kansa, maana ndiyo iliyomchukua mama yake.

Baadaye wakaniita. Mwanangu alikuwa amelala ubavu, ameshachomwa sindano. Muuguzi akataka kuanza kueleza, mwanangu akamzuia.

"Nitamwambia mwenyewe," akasema. "Kaa, Baba. Ningekuwa na mama ningemwambia yeye, ungesikia nusu tu. Sina. Itabidi usikie yote."

Nikakaa.

Akaniambia ana klamidia. Sikuwahi kusikia jina hilo. Akasema ni ugonjwa wa zinaa, wa kawaida sana, watu wengi wanao na hawajui kwa sababu mara nyingi hauwashi wala hauumi. Mwezi uliopita alikuja kupima kwa ajili ya kutafuta mtoto, ukaonekana. Akapewa vidonge vya wiki nzima, asubuhi na jioni, akaambiwa amlete mumewe naye apewe vyake.

"Akaona haya, Baba. Akasema atakaaje kwenye benchi la kina mama na hajashika hata mtoto. Nikamwonea huruma. Tukagawana vyangu."

"Mkagawana?"

"Nusu yangu, nusu yake. Si ulituona?"

Niliwaona. Nilisema hivyo ndivyo.

Muuguzi hakutupigia kelele, na nadhani ningependa angepiga. Alisema polepole kwamba dozi ya mtu mmoja ikiliwa na wawili, hakuna anayepona. Vijidudu vinabaki kwa wote, na wakiendelea kulala pamoja wanarudishiana. Huku kwa mwanangu ugonjwa umepanda ndani, umefika kwenye kizazi. Ukiachwa huko unaacha makovu kwenye mirija, na mirija ikiziba ndiyo hivyo, mimba inakuwa ngumu, au inatunga mahali pabaya.

"Ameshaharibika?" nikauliza. Mwanangu alikuwa ananisikia, nami niliuliza hivyo hivyo.

"Siwezi kukuahidi kitu, Mzee. Ninachojua ni kwamba akitibiwa sasa, na akamaliza, na mumewe akatibiwa, nafasi bado ipo. Wakirudia yale ya mwezi uliopita, inapungua."

Nikauliza nani ameleta ugonjwa huu nyumbani kwangu. Muuguzi akafunga mfuniko wa kalamu yake.

"Hilo hakuna kipimo chake," akasema. "Mimi natibu tu."

Mwanangu amepewa vidonge vya wiki mbili. Jioni mkwe aliporudi alinikuta mlangoni. Akanisalimu, sikuitikia.

Ijumaa, 18 Aprili

Sijasema naye. Leo hakwenda kazini, ameshinda kando ya mkewe. Mimi nimeshinda karakana, nikigonga visigino kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Fundi bomba huingia kila nyumba, mabwana wako kazini, wake wako ndani. Nilijichorea picha zote. Yule kijana wa chungwa sikumwona tena, nilimwona mwingine.

Alasiri binti yangu akatoka nyuma kwa kujikongoja, akakaa kwenye benchi la wateja kama mteja.

"Baba, umemnunia mwenzio kwa kesi usiyoijua."

"Naijua."

"Huijui. Hata mimi siijui. Unamkumbuka yule mchumba wangu wa kwanza? Aliyekuwa anakuletea magazeti?"

Namkumbuka. Kijana mzuri, nilimpenda.

"Basi huenda ni mimi niliyekuja nayo. Huenda ni mume wangu, kabla hajanijua. Hiki kitu kinaweza kukaa mwilini muda mrefu kimya. Hatukupima kabla ya ndoa, wote wawili, tulipima nguo za harusi tu. Mimi na yeye tumeshaongea, tumelia, tumemaliza. Wewe ndiye umebaki unaendesha mashtaka."

Kisha akasimama, akaegemea ukuta kidogo kwa maumivu, akarudi ndani. Nilibaki na nyundo mkononi. Mama yake alikuwa akinimaliza hivyo hivyo, kwa sauti ya chini, akiwa anaondoka.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimempeleka mkwe kliniki mimi mwenyewe. Nilimkuta uani anajifanya kukaza koki isiyovuja. Nikamwambia, "Chukua koti, mwanangu. Twende." Lilinitoka tu hilo mwanangu, na nilivyomwona alivyolipokea nilijuta kumnyima salamu.

Tulikwenda chini ya mwavuli mmoja. Langoni akasimama.

"Baba, mimi nimezibua vyoo vya mtaa huu wote bila kuona haya. Lakini hapa miguu inakataa."

"Yangu pia," nikamwambia. "Na ikatalie ndani, tukiwa pamoja."

Kwenye benchi walikuwa kina mama na matumbo yao. Mmoja akasogea bila kutuangalia, tukakaa. Hakuna aliyecheka. Mambo yote aliyoyaogopa mwezi mzima yaliisha kwa mwanamke mmoja kusogeza mkoba wake.

Ndani alipimwa, akapewa pakiti yake, ya wiki moja. Muuguzi alitaka nitoke, mkwe akaniomba nibaki. Basi nilisikia mambo ambayo baba mkwe hapaswi kuyasikia. Kila mtu na dozi yake, amalize hata akijisikia mzima. Wasikutane kimwili mpaka wote wawili wamemaliza. Warudi kupimwa baada ya miezi mitatu kwa sababu ugonjwa huu hurudi. Mpira ni kinga, si tusi. Mtu kabla ya kuanza na mwenzake mpya, wapime wote. Mimi niliangalia dari. Mkwe aliangalia sinki la pembeni lililokuwa likidondoka, akainuka nusu na mkono ukaanza kutafuta spana mfukoni.

"Kaa," muuguzi akamwambia. "Bomba litangoja."

Njiani kurudi alisema jambo moja tu. "Nilidhani ukimpenda mtu unagawana naye kila kitu."

"Ndivyo tulivyokufundisha," nikamwambia. Bega langu la kushoto lilikuwa linalowa. La kwake la kulia pia.

Jumatatu, 21 Aprili

Tumeweka utaratibu. Asubuhi na jioni tunakaa watatu mezani. Binti na bilauri yake na kidonge chake, mumewe na bilauri yake na kidonge chake, mimi na chai. Hakuna kushikiana, hakuna kuchomoleana. Binti yangu vidonge vinamtia kichefuchefu, anameza amefumba macho huku mumewe akimhesabia kama mtoto anayeruka kamba.

Leo baada ya kumeza akanitazama. "Na wewe, Baba, umalize yako."

Nilijaribu. Nilifika nusu, nikajiambia endelea mzee, ni chai tu. Mkono ukakirudisha mezani. Binti yangu akamwaga, akaosha.

Jumatano, 23 Aprili

Homa imemwacha. Nimetuma ujumbe kliniki.

Ijumaa, 25 Aprili

Muuguzi alikuja alasiri, mvua ikiwa imewajaza watu ndani mpaka kwenye mapipa ya ngozi. Nilikuwa nimefuta benchi. Nilisimama nikasema, "Huyu dada anataka kuongea nanyi. Nilimkatalia mwezi uliopita, nilikosea. Atakayetoka kabla hajamaliza mwavuli wake nitautengeneza mwakani." Hakuna aliyetoka.

Aliongea kama anaongea na ndugu zake. Klamidia, kisonono, kaswende, jinsi zinavyojificha, jinsi zinavyopona zikiwahiwa. Alipofika kwenye kugawana dawa nilihisi macho ya binti yangu kutoka kwenye cherehani. Sikutaja mtu. Nilisema tu, "Dawa ya mtu ni ya mtu, sikieni," nikachukua mwavuli uliokuwa karibu nikaanza kuukaza.

Kinyozi alitania mwanzo mpaka mwisho. Kisha, wengine walipokuwa wanatafuta miavuli yao, akamsogelea muuguzi. "Na kama mtu haumwi popote?"

"Wengi hawaumwi. Ndiyo maana tunapima."

Akaniuliza mimi kliniki iko wapi. Amepita mbele ya kliniki hiyo kila siku tangu anyoe kichwa chake cha kwanza. Nilimwelekeza kwa uangalifu, kulia, kisha kushoto, naye akanisikiliza kama mgeni.

Jumapili, 27 Aprili

Mkwe amemaliza zake. Ameweka pakiti tupu mezani mbele yangu kama cheti. Mvua imepungua.

Ijumaa, 2 Mei

Leo jua. Miavuli ya watu imebaki imening'inia, hakuna anayeikumbuka.

Binti yangu alimeza kidonge cha mwisho juzi jioni, na leo tumekwenda wote watatu. Muuguzi alimbonyeza tumbo huku na huku. Alikuwa akiumia, leo hakukunja hata uso. Muuguzi amesema amepona vizuri, warudi mwezi wa saba wapimwe tena, wote. Kuhusu mtoto hakuahidi. Alisema watoke wakaishi, wajaribu, na wasipopata kwa muda aliowatajia warudi waangaliwe. Mwanangu alilia kidogo, si kwa huzuni, si kwa furaha kamili. Mkwe alimpa kitambaa, kisha akaenda kukaza lile sinki. Safari hii muuguzi hakumzuia.

Jioni tukakaa mezani kwa mazoea, ingawa hakukuwa na cha kumeza. Binti yangu akaniletea chai kwenye kikombe changu, chetu, cheupe chenye mkono mnene. Nikanywa. Nikafika nusu.

Nikamwangalia. Wiki mbili amemeza kitu kinachomgeuza tumbo, chote, hakubakiza. Na mimi nashindwa na chai.

Nikaendelea. Ilikuwa imepoa, lakini ilikuwa tamu. Sukari yote, kumbe, hukaa huku chini. Miaka yote niliyomwonea huruma marehemu, alikuwa anakunywa asali. Nikainamisha kikombe kumalizia, na nikaona kwamba chini kabisa, pale ambapo chai inaisha, kuna ua. Ua dogo la buluu, limechorwa kwa mkono, petali moja imefutika kwa kijiko.

"Humu kuna ua," nikasema.

Binti yangu aliacha alichokuwa anafanya. "Baba, hukujua?"

"Ningejuaje?"

"Mimi naliosha kila siku. Mama alisema nisikwambie. Alisema ni lake, na siku utakapomaliza chai utaliona mwenyewe."

Mkwe akaomba kuona. Wakainamia kikombe wote wawili, vichwa vimegusana, wakawa wanatabasamu ndani yake. Nilijua uso ule. Nililia pale mezani, mbele ya mkwe wangu, na sikuona haya, kwa sababu mwezi huu haya imetugharimu vya kutosha.

Akanyoosha mkono achukue kikombe akaoshe. Nikamkatalia. Kesho pia, kikombe hiki nitakiosha mimi.